Sura ya Tisa: Mtu Anayetazama Ukuta

Nilianza kumpenda Danstan nikiwa nimemkasirikia, na wanaosema mapenzi ya namna hiyo hayadumu waje waniulize mimi.

Mwaka juzi nilikuwa nahangaika kuweka Zeri kwenye kompyuta kumi na moja za parokia yetu hapa Kirushya, ambako nafundisha. Zeri ni lugha ya kuandikia programu, na huwezi kuitumia mpaka uwe umeweka kompaila yake, yaani ile programu inayochukua ulichoandika na kukigeuza kiwe kitu ambacho kompyuta inaweza kukifanya. Lugha yenyewe ni nyepesi, mtoto wa kidato cha kwanza anaielewa. Kuiweka ndiko kulikuwa mateso. Unapakua kompaila, inakuambia inahitaji vifaa vingine. Unapakua hivyo vifaa, bando linaisha. Unanunua jingine, unafika mwisho, halafu dirisha jeusi linakuandikia mistari arobaini ya Kiingereza yenye maana moja tu: hapana.

Nilijaribu mara nne. Baada ya hapo niliwaandikia wenyewe kwenye jukwaa lao la mtandaoni, kule ambako watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali huitengeneza lugha hiyo. Nilieleza kila hatua, kwa adabu zote nilizofundishwa na mama yangu. Jibu lilikuja baada ya dakika sita:

"Soma maelekezo tena, taratibu safari hii. Wengine wote wameweza."

Nilisimama, nikazunguka chumba mara mbili, nikakaa. Nikamjibu huyo mjuaji kwa Kiingereza kikali cha mistari mitatu, na mwishoni hasira ikanizidi nikaandika, "Haya bwana, asante sana."

Kisha akauliza kwa Kiswahili, "Dada, uko wapi?"

Alikuwa kijijini Nyabusozi! Dunia nzima ile, na aliyenisimanga alikuwa Biharamulo, wilaya ya jirani, kwenye nyumba ya mama yake iliyozungukwa na mihogo pande tatu. Jumamosi iliyofuata aliniongoza kwa simu mpaka kompyuta ya kwanza ikakubali. Kompyuta ya pili alikuja kuiweka mwenyewe, kwa basi hadi Kabanga na bodaboda kutoka hapo, suruali ikiwa nyekundu kwa vumbi mpaka magotini. Tulipofika kompyuta ya kumi na moja nilikuwa nimeshajua kwamba anapenda chai yenye tangawizi nyingi, na kwamba akicheka huziba mdomo kwa mkono kana kwamba kicheko ni siri. Sikutaka kompyuta ziishe.

Mwaka huu, mwezi wa sita, mshenga wake alipiga hodi nyumbani kwetu. Mama alimpokea vizuri, akamlisha, akamwambia atampa jibu. Mwezi wa nane ulifika na jibu halijatoka.

Mama yangu ni Mwalimu Scolastica. Amefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na mbili. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili, na tangu hapo neno la mama nyumbani halina rufaa. Nilidhani tatizo ni Nyabusozi, kwamba ni mbali. Au ni hiyo kazi ya Danstan ambayo huwezi kumwonyesha jirani. Jioni moja tukipukuchua maharage nikaona nitapasuka.

"Mama, kwani Danstan ana kasoro gani?"

"Nani kasema ana kasoro?"

"Basi mjibu mshenga wa watu."

Akapukuchua maganda mawili matatu bila kuniangalia. "Ile siku ulinionyesha kwenye simu jinsi mlivyokutana. Ulikuwa unacheka."

"Si inachekesha?"

"Mimi sikucheka. Mwalimu anayemwambia mtoto 'wenzako wote wameweza' namjua, nimefanya kazi na wengi wa namna hiyo. Alikuandikia vile hajakujua, Anneth. Akishakuzoea atakuambia nini?"

"Amebadilika, mama."

"Vizuri. Nitaona."

Hilo ndilo lililokuwa limekwama. Siyo ukoo, siyo umbali. Ni sentensi mbili alizoziandika mtu akiwa na haraka. Sikumwambia Danstan. Niliona aibu kumwambia kwamba maneno niliyoyafanya kichekesho mimi mama yangu aliyapokea kama kidonda. Alipouliza nilimjibu kwamba mama bado anafikiria, naye akajibu, "Afikirie tu, nitasubiri," kwa sauti ya mtu anayeumia huku akijitahidi nisijue.

Wakati huohuo alikuwa na jambo lake. Tangu aone tulivyohangaika na kompyuta zetu, aliwaomba wenzake wa mtandaoni wamwachie kazi ya kurahisisha uwekaji wa Zeri kwa watu wapya. Wenzake walifurahi, maana kazi hiyo haina sifa na hakuna aliyekuwa anaitaka. Mwezi wa nane akaniambia toleo la kwanza liko tayari, lina Kiswahili ndani, na anataka kulileta Kirushya aone watu wasiojua kitu wakiliweka.

"Njoo," nilimwambia, "ila kwa sharti. Utakaa nyuma na utafunga mdomo. Mtu akikwama, usimsaidie."

"Hata neno moja?"

"Hata kukohoa. Ukimsaidia, utajuaje kama programu yako inajitosheleza?"

"Unanitesa, mwalimu."

"Bado hujaona."

Nilisema kwa utani.

Jumamosi aliyokuja nilikuwa nimeshaifuta Zeri ya zamani kwenye kompyuta zote, na walikuja wanafunzi wapya tisa. Nakumbuka Adelfina zaidi, mama wa makamo anayeuza maharage kwenye soko la Kabanga, aliyekuwa hajawahi kushika kipanya. Danstan alikaa nyuma na daftari lake, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Kila nilipogeuka nikayakuta macho yake, na kila nilipoyakuta nikasahau nilikuwa nasema nini. Nilikuwa katikati ya kusahau hivyo mlango ulipofunguliwa akaingia mama.

Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Mkononi alishika daftari jipya lililojaladiwa kwa karatasi ya kaki, kama la darasa la kwanza.

"Mwalimu, hujambo?" akaniambia mimi, mwanawe, mbele za watu. "Nimekuja kusoma."

Sasa, kwetu kuna mila, na kwa Wasubi wa kwa kina Danstan iko vilevile. Mshenga akishapiga hodi, mwanamume aliyeleta posa na mama wa msichana hawatazamani tena usoni. Hawapeani mkono, hawakai benchi moja, hawaongei moja kwa moja. Ndiyo heshima yenyewe. Danstan aliinuka kama aliyechomwa na siafu, akakigeuza kiti chake, akakaa uso ukutani na mgongo wake kwetu sote.

"Shikamoo, mama," akauambia ukuta.

"Marahaba," mama akaliambia dirisha.

Hakuna aliyecheka, maana hakuna aliyeona cha kuchekesha. Mama akaketi kwenye kompyuta ya tatu. Nikawagawia flashi, nikawaambia wabofye picha yenye jani la kijani, wasome, wafuate. Nilijua mama hajaja kusoma Zeri. Alikuja kuona vile huyo mtu anavyoongea na asiyejua.

Na mama, jamani, akisoma husoma kwa sauti. Ni ugonjwa wa walimu wa darasa la kwanza. Kila kilichoandikwa kwenye kioo kilitoka mdomoni mwake kikaenda moja kwa moja kwenye mgongo wa Danstan.

"'Chagua njia ya usakinishaji.' Njia gani tena? Hapa zipo ngapi?"

Niliona mkono wa Danstan ukiandika upesi kwenye daftari.

"'Njia si sahihi. Jaribu tena.' Mimi nimekataa kujaribu? Niambie basi iliyo sahihi."

Adelfina akacheka. "Mwarimu, yangu imerara kabisa," akasema, "hata kunigombeza hainigombezi."

Wengine wakacheka naye. Mama hakucheka. Alibofya tena, akasubiri, akavaa miwani vizuri. Halafu akasoma polepole, kila neno peke yake.

"'Kosa. Huna ruhusa. Shughuli imesitishwa.'"

Mama akaivua miwani, akaikunja.

"Sina ruhusa," akasema. "Kwenye chumba anachofundisha mwanangu, sina ruhusa."

"Mama, hiyo ni kompyuta tu, inamaanisha kwamba..."

"Nimeelewa inachomaanisha, Mwalimu. Nimejibiwa." Akachukua daftari lake, akaaga kila mtu kwa mkono isipokuwa yule wa ukutani, akatoka. Danstan hakugeuka. Nilichokiona ni kisogo chake tu, kimekufa ganzi, na kalamu iliyosimama.

Wanafunzi walipoondoka nilimvuta Danstan nyuma ya jengo, penye tangi la maji.

"Umeridhika?" nikamuuliza.

"Anneth, ile ni kazi ya mfumo wa kompyuta. Inazuia mtu kuweka programu kwenye folda ya..."

"Sikuulizi folda. Nani aliandika 'Huna ruhusa'?"

"Ni tafsiri. Kwa Kiingereza ndivyo inavyosema."

"Nani aliyetafsiri?"

"Mimi."

"Mashine haina mdomo, Danstan. Ule mdomo ni wako! Mama alikuja kuusikia, na ameusikia."

"Alikuja kuusikia? Una maana gani?"

Basi nikamwambia. Nilimwambia yote: maharage, simu, maneno ya mama. Nilitamka "wengine wote wameweza" huku nikiutazama uso wake, na nikaona jinsi rangi inavyoweza kumtoka mtu mweusi.

"Miezi miwili," akasema. "Miezi miwili nafikiri ni kwa sababu sisi ni wakulima wa mihogo. Nimekuwa nikimpigia hesabu mjomba aongeze ng'ombe wa mahari."

"Mama hataki ng'ombe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaumia."

"Sasa siumii?"

Akajiegemeza kwenye tangi. Nilitaka kumshika mkono. Nilitaka pia kumpiga kibao. Nikakaa katikati, mikono nimeifumbata.

"Unajua mimi nilijifunzaje?" akasema. "Peke yangu, Biharamulo mjini, kwenye kompyuta ya kulipia kwa nusu saa. Nikikwama nauliza mtandaoni. Kila niliyemuuliza alinijibu hivyohivyo. Soma tena. Umetafuta kwanza? Wenzako wanaweza. Siku moja nilitoka pale nikatembea mpaka Nyabusozi kwa miguu, kwa kuona haya. Nilipokuja kujua, nikadhani ndivyo fundi anavyoongea. Kwamba asiyeteseka kidogo hataiheshimu kazi."

"Na mimi ulitaka niteseke kidogo."

"Sikukujua."

"Ndicho mama anachokisema. Hukunijua."

Alinitazama, na macho yale niliyokuwa nayawinda asubuhi nzima yalijaa maji. Mimi nami sikuwa na ujanja. Tukasimama pale, kila mmoja anafuta ya kwake, wala hakuna aliyemgusa mwenzake.

"Nipe wiki mbili," akasema. "Siwezi kumwomba radhi, mila hainiruhusu kumwambia hata sentensi moja. Mshenga naye atasema nini? Kilichobaki ni hicho kimdomo kwenye flashi."

"Hatarudi, Danstan."

"Nipe tu wiki mbili."

Hakurudi Nyabusozi. Alibaki Kabanga kwa shangazi yake Jovitha, kwenye chumba cha nyuma ya duka, ambako simu yake ilikuwa inashika mtandao wa Burundi kila akikaa upande wa dirisha na kumla vocha bila huruma. Kila mchana alinitumia sentensi. Nilimrudishia karibu zote.

"'Tafadhali chagua folda,'" alinisomea siku moja.

"Folda ni nini?"

"Anneth, unajua folda ni nini."

"Mimi najua. Adelfina hajui. Kwani lazima achague?"

"Hapana," akasema polepole. "Si lazima. Naweza kumchagulia."

"Basi kwa nini unamuuliza?"

"Kwa sababu tumekuwa tukiuliza hivyo miaka yote."

Ndivyo maswali yalivyopungua. Yalikuwa tisa, yakawa manne, likabaki moja. Vile vifaa vingine vya kupakua alivikata, akachukua vinavyohitajika tu, akavifunga humohumo kwenye flashi ili mtu asidaiwe bando. Na lile la ruhusa alilivunja kwa namna ambayo ilinifanya nicheke peke yangu barabarani: badala ya kompaila kung'ang'ania kukaa mahali panapohitaji ruhusa ya mwenye kompyuta, aliifundisha ikae kwenye sehemu ya mtumiaji mwenyewe, kama mgeni anayekubali kulala popote atakapotandikiwa.

"Nimejiwekea sheria," aliniambia. "Siandiki sentensi ambayo nisingeweza kumwambia mama yako ana kwa ana."

"Huruhusiwi kumwambia chochote ana kwa ana."

"Ndiyo maana inachukua muda."

Mama nilimwomba mara tatu arudi darasani. Mara mbili alibadilisha mazungumzo. Ya tatu ilikuwa Ijumaa, akiwa anapanga madaftari ya wanafunzi wake mezani.

"Kesho ni wiki mbili kamili," nikasema.

"Najua kuhesabu."

"Mama, nampenda."

Akaacha kupanga. "Hilo nalo najua. Kama usingempenda ningeshamjibu mshenga siku ileile, nikalala usingizi wangu." Akalichukua daftari lile la kaki kutoka chini ya mengine, akalipangusa. "Nitakuja. Sijawahi kuacha somo katikati, sitaanza uzeeni. Lakini usije ukadhani nimelainika."

Kesho yake alikaa kwenye kompyuta ileile. Danstan alikaa kwenye kiti kilekile, uso ukutani. Safari hii hakushika daftari, mikono yake ilikuwa juu ya magoti. Nikagawa flashi. Mama akabofya, akavaa miwani.

"'Karibu,'" akasoma. "'Nitaweka Zeri kwenye kompyuta hii. Itachukua kama dakika kumi. Huhitaji intaneti. Nianze?'" Akabofya. "Haya, anza."

Swali lilikuwa hilo moja. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Kwa Adelfina ulitambaa pia, naye akapiga vigelegele kidogo vya chini chini. Kisha kioo cha mama kikabadilika, nami nikashika meza.

"'Samahani,'" mama akasoma. "'Mahali nilipotaka kukaa pamefungwa kwenye kompyuta hii. Si kosa lako. Nakaa kwenye sehemu yako mwenyewe, huko tunaweza kuendelea.'"

Alisogeza kiti karibu.

"'Samahani, kuna faili moja halikufunguka vizuri. Nalifungua tena, subiri kidogo.'"

Mabega ya Danstan yalikuwa yamepanda mpaka masikioni. Mstari wa kijani ulifika nusu, ukapita nusu, na hapo ndipo umeme ulipokatika.

Kompyuta zote kumi na moja zikazimika kwa mpigo. Adelfina akasema, "Mawe!" ile "mama wee" ya kwetu, kwa niaba yetu wote. Mama akaondoa mikono kwenye meza, akaificha mapajani.

"Nimegusa nini?" akauliza. Mama yangu, ambaye hajawahi kuogopa hata mkaguzi wa elimu, aliniuliza hivyo kwa sauti ya mtoto.

"Hujagusa kitu, mama. Ni umeme."

"Nimeiharibu."

Danstan alivuta pumzi nusu, kama anayetaka kusema, akaizuia. Sharti lilikuwa langu na mila ilikuwa ya wote. Tulikaa hivyo dakika ishirini. Nilikitazama kile kisogo na nikampenda mpaka kifua kikaniuma, na nikajua kwamba kama mama atainuka sasa, yameisha.

Mama hakuinuka. Umeme ukarudi. Kompyuta zikakoroma, zikaamka. Kwenye kila kioo likatokea jani la kijani na maneno chini yake. Mama akasoma akiwa hajakaa sawa.

"'Samahani, kompyuta ilizimika kabla sijamaliza. Hakuna kilichoharibika, na wewe hukukosea. Tulikuwa tumefika hapa. Tunaendelea.'"

Mstari ukatambaa tena, kutoka palepale ulipokuwa umesimama. Ukafika mwisho.

"'Tayari. Samahani kwa kukuchelewesha. Ukitaka kuandika programu yako ya kwanza, bofya hapa.'"

Mama hakubofya. Alivua miwani, akageukia dirisha, kama mila inavyotaka. Lakini sauti yake aliielekeza ukutani.

"Samahani nne," akasema. "Nimezihesabu. Tangu nimeketi hapa, huyo mtu ameniomba samahani mara nne, na sikumbuki amenikosea nini leo. Maneno mazuri, yametulia. Angekuwa mwalimu mwenzangu ningempa darasa la kwanza."

Danstan aliinamisha kichwa. Nilidhani imekwisha, tumeshinda. Nilishaanza kutabasamu kama mjinga.

"Sasa namuuliza," mama akasema. "Na binti yangu? Yeye alimwomba lini?"

Tabasamu likanifia. Nikatafuta jibu la kumwokolea, nikapekua mwaka mzima na miezi yake. Kulikuwa na chai ya tangawizi, na simu za Jumapili, na utani juu ya ule ujumbe wake ambao tuliurudia mpaka ukalainika. Samahani haikuwemo. Hakuwahi kuisema, nami sikuwahi kuidai. Nilijifunza kucheka kabla hajajifunza kujuta.

"Mama, mimi nilishasahau," nikasema.

"Sikukuuliza wewe."

Kiti kikasaga sakafu. Danstan alisimama, na mbele ya wanafunzi tisa na mama yangu akageuka mzima mzima, akauacha ukuta. Adelfina alishika mdomo. Danstan alinitazama mimi tu.

"Anneth," akasema. "Siku ile hukukosea kitu. Maelekezo yalikuwa mabovu, na aliyeyaandika ni mimi. Nilijua ni mabovu kabla sijamaliza kusoma ulichouliza. Nilikujibu vile kwa sababu kukudharau kulikuwa rahisi kuliko kuyatengeneza. Ulikuwa umejaribu mara nne. Nisamehe."

Nilikuwa najiambia kwamba sentensi zile mbili hazikunigusa. Kumbe nilizunguka nazo chumbani ile siku na sikuwahi kuziweka chini. Machozi yalinitoka mbele ya darasa langu na sikuyafuta.

"Nimekusamehe," nikasema. "Lakini ziliniuma, Danstan. Ziliniuma sana."

"Najua."

"Usije ukarudia."

"Nikirudia, niambie siku hiyohiyo. Usicheke."

Nikaitikia kwa kichwa. Tungesimama vile mpaka jioni, yeye kule na mimi huku, kama mama asingekohoa. Alikuwa amejifunika uso mzima kwa upande wa kitenge, maana mwanamume alikuwa amesimama mbele yake macho wazi na ukuta uko nyuma yake. Aliongea humohumo ndani ya kitenge.

"Haya, inatosha," akasema. "Geukia ukutani, mkwe wangu, nimalize somo langu."

Danstan aligeuka kwa haraka mpaka kiti kikaanguka.